Mahindi ya Tani 51 kwa Hekta

Kabla hamjaendelea kuchekea ile picha ya grafu yangu ya mahindi kwenye grupu, nisikilizeni na mimi mwenye msiba. Aliyeirusha ni swahiba wangu, tena alikaa kiti cha mbele kabisa akijifanya anaandika. Halafu kakosea: kawaambia tani 40 kwa hekta. Zilikuwa 51. Kama ni kunianika, nianikeni na takwimu sahihi.

Mnajua nilivyowachosha watu pale idarani na habari za utafiti wazi, yaani kazi ambayo yeyote anaweza kuirudia akapata jibu lilelile. Mtu akileta faili linaloitwa "mwisho_kabisa_HILI_NDILO_3" hapati salamu, anapata hotuba. Ndipo Profesa akasema haya, tuonyeshe huo uwazi wako. Na mradi, ulioandikwa kwa R, lugha ya kuchambulia data, ulikuwa umepangika, msinionee! Data ghafi kwenye folda yake, haiguswi na mkono. Skripti kwake, matokeo kwake, README inasema uanzie wapi. Kila badiliko limo kwenye Git, programu inayotunza historia ya mafaili. Hakuna setwd (amri ya kuitajia R folda) ya kuelekea kwenye laptopu yangu, njia zote zinapita kwenye pakeji (nyongeza ya R) ya here, inayoanzia kwenye folda ya mradi. Na renv.lock, faili la pakeji ya renv, imeorodhesha kila pakeji na toleo lake. Nikasimama, nikatamka kwa mdomo wangu: "Mashine yoyote ile. git clone, renv::restore(), endesha skripti. Jibu ni lilelile." Yaani: nakili mradi, sakinisha pakeji zilezile, bonyeza.

"Vizuri," Profesa akasema. "Tumia kompyuta ya idara."

Ile kompyuta mnaijua. Ina R 3.6.3, toleo la Februari 2020, na tangu iwekwe hakuna aliyeisogelea ila kwa kitambaa cha vumbi. renv ikanionya, mstari mmoja tu: unatumia R 3.6.3, lockfile (ile renv.lock) ilitengenezwa na 4.3.1. Nikaupita ule mstari kama ninavyompita mwenye duka ninayemdai unga wa mwezi jana, samahani, anayenidai. (Mnaoanza, shikeni hili: renv inaandika toleo la R, lakini kukusakinishia hiyo R si kazi yake. Yeye ni wa pakeji tu.)

Nikabonyeza. Kwenye projekta ikatoka fremu ya grafu, tupu. Zikafuata nguzo mbili, moja fupi, moja ndefu. Umbo lilelile ninalolijua! Nikaipa skrini mgongo, nikaweka mkono mmoja mfukoni. Mkono mfukoni, jamani. Nikaanza: "Kama mnavyojionea, viwanja vyenye mbolea vimeviacha mbali vile visivyo na mbolea."

Kimya.

Profesa akavaa miwani. "Mwanangu, huo mhimili wa wima ni wa nini?"

"Tani kwa hekta, Prof."

"Hebu tusomee."

Nikageuka taratibu. Nguzo ndefu: 51. Nikashusha macho kwenye fupi, labda huko kuna unafuu: 22. Jasho likaanza kushuka nyuma ya masikio, kushoto kwanza, halafu kulia. Kwangu nyumbani grafu hiyohiyo ilisoma 3.4 na 1.6, mahindi ya binadamu wa kawaida.

"Hayo ni mahindi au miwa?" Profesa akauliza, kwa upole kabisa, na ndiyo iliyouma. Fundi wa maabara akadakia kutoka nyuma: "Tani 22 bila mbolea! Sasa mbolea mnanunua ya nini?" Hapo ndipo swahiba alipoinua simu.

Kilichotokea ni hiki. Kati ya mistari 120 ya mavuno, mmoja uliandikwa "2,4" kwa koma badala ya nukta. Koma moja inatosha: R inaiona safu nzima kuwa maandishi. Kuanzia R 4.0.0, ya Aprili 2020, read.csv, amri ya kusoma jedwali la data, inayaacha maandishi yabaki maandishi, kwa hiyo as.numeric yangu iligeuza yote kuwa namba na ile "2,4" ikawa NA, yaani thamani haipo. Onyo jekundu lilitoka, na na.rm = TRUE, inayoziacha NA nje ya hesabu, ikamfukia marehemu bila matanga. Lakini R 3.6.3 inayageuza maandishi kuwa fakta, yaani orodha ya makundi (ngazi) yenye namba, na as.numeric juu ya fakta haikupi thamani, inakupa namba ya ngazi: ya kwanza, ya pili, hadi ya sabini na kitu. Kumbe nilikuwa nakokotoa wastani wa nafasi kwenye foleni! Na kwa kuwa ngazi hupangwa kialfabeti, na kwa namba zangu hiyo ikawa sawa na kuanzia ndogo, umbo la grafu likabaki zuri vilevile. Lingeharibika ningeshtuka mapema.

Dawa ni fupi. Ndani ya read.csv weka colClasses = c(mavuno = "numeric"), nayo itagoma palepale ikikutana na koma. Ukishasoma data, weka stopifnot(all(data$mavuno < 15)). Hii inasimamisha kazi hata kwa NA. Data ghafi usiihariri kwa mkono: read.csv ikigoma, acha koma ilivyo, isome safu hiyo kama maandishi (badala ya "numeric" weka "character"), uirekebishe kwa sub na kuigeuza namba kwa as.numeric ndani ya skripti kabla ya ukaguzi huo wa stopifnot, ili kila mtu aone ulichofanya. Na kama unataka kutamba "mashine yoyote", funga na R yenyewe ndani ya Docker, kasha linalobeba programu na vyote inavyohitaji. Mimi sasa naanzia na rocker/r-ver:4.3.1, kasha tayari lenye R 4.3.1.

Mengine yalikwenda haraka. Profesa akataka kuona nilibadilisha nini lini, nikaandika git log --oneline bila kufikiri, na projekta ikawasomea wote maelezo niliyoandika kwa kila badiliko: "imekubali usiguse", "nimegusa", "rudisha nilichogusa", "Prof anataka kijani, haya kijani hicho".

Akakohoa. Chai ikaitwa.

Repo, yaani folda ya mradi mtandaoni, bado iko wazi, ichukueni mjaribu. Historia siwezi kuisafisha, nusu ya idara walishai-clone kabla chai haijapoa. Na swahiba, grafu ya sasa inasoma 3.4. Hiyo mbona hujaipiga picha?