Sam Analipwa Shilingi Ngapi?

Kuna lawama ambayo haikosekani kila riwaya ndefu za fantasia zinapotajwa: eti hazina mapenzi. Mtu anamaliza kurasa elfu moja za mapanga, farasi na majoka, halafu anauliza, mbona hawa watu hawapendani? Mimi nabisha. Wanapendana sana, na sisi watu wa Moshi tulipaswa kuliona hilo kabla ya wengine. Mzazi wa Kichagga akitoka hospitali haketishwi chini na mama mkwe kuambiwa anapendwa. Anapikiwa mtori, analifuta bakuli, anaongezwa mwingine.

Hadithi za kishujaa zina shida moja ya asili: maneno makubwa yamejaa mno. Mfalme anaapa, askari anaapa, mchawi anatabiri, hata msaliti ana hotuba yake. Mahali ambapo kila mtu anazungumza kama yuko mbele ya halaiki, "nakupenda" inakosa pa kusimama. Mwandishi anayeijua kazi yake anayahamishia mapenzi mikononi. Nani anapika, nani anabeba, nani anamfunika nani.

Chukua The Lord of the Rings ya Tolkien, iliyotoka kati ya 1954 na 1955. Sam, mtunza bustani, anamfuata bwana wake Frodo kuelekea Mordor, nchi ya adui, akiwa na sufuria zake na kisanduku kidogo cha chumvi. Chumvi, kwenye safari ya kuokoa dunia! Njiani anapata sungura, anamchemshia Frodo, tena analalamika kwamba hana viazi. Wakishaingia Mordor inabidi wapunguze mizigo, na Sam anazitupa zile sufuria kwenye ufa wa ardhi. Mlio wake unamkata moyo. Kitabu hichohicho kina vifo vya wafalme ambavyo nimevipita na macho makavu, lakini sufuria zile zilinimaliza, kwa sababu mpishi anayetupa sufuria ameshakubali kwamba hakuna mlo wa kurudi nyumbani. Baadaye Frodo miguu inagoma kabisa. Sam anamweka mgongoni na kuanza kupanda naye mlima wa moto.

Nilimsimulia sehemu hii jirani yangu huku Rau. Ni mgumu, kama wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wanavyojiita. Alisikiliza kwa makini mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Sasa dada, huyo Sam analipwa shilingi ngapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi nabeba kilo 20 za mgeni. Mgeni akizidiwa kule kambi ya Barafu, tunamshika mkono, tunamletea chai mpaka kwenye hema. Tukishuka getini anatukumbatia, anasema sisi ni ndugu zake. Dada, ndugu gani hajui hata jina langu?"

Nimekaa na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyokaa na uchambuzi wowote wa vitabu hivi. Sam ni mtumishi, na anamwita Frodo bwana tangu mwanzo hadi mwisho. Tolkien mwenyewe alikuwa ofisa kwenye mapigano ya Somme mwaka 1916, jeshini ambako ofisa alikuwa na askari wa kumpigia viatu rangi na kumpikia, na ukimtazama Sam vizuri utamwona askari huyo. Kwa hiyo jirani yangu ana haki ya kunusa mshahara humo ndani. Lakini nikamwambia asubiri, kwa sababu hesabu hiyo inalipwa kurasa za mwisho kabisa. Frodo anaondoka asirudi tena, na nyumba na kila alichokuwa nacho anamwachia Sam. Anamfanya mrithi wake. Hapo jirani yangu alinyamaza. Mtu wa hapa hahitaji kuelezwa maana ya kumwachia kihamba, shamba la urithi, mtu asiye wa ukoo wako; ni jambo la kuitisha kikao, na kikao hicho kitaisha kwa watu kununiana mpaka Krismasi. Frodo analifanya bila kumuuliza yeyote. Jina la Sam alilijua.

Mapenzi ya mume na mke humo yana mafanikio nusunusu. Arwen namsikitikia. Sehemu kubwa ya habari yake na mchumba wake Aragorn, mfalme mtarajiwa, imesukumwa kwenye kiambatisho, kama mgeni aliyechelewa harusini akapewa kiti karibu na jenereta. Kitu kizuri alichopewa kufanya ni kushona bendera, ambayo Aragorn anaikunjua vitani. Wanaolalamika kuhusu Arwen, mimi niko upande wao. Ila Faramir na Éowyn, hao siwaachii mtu. Wako wodini, wote majeruhi, kunapiga baridi, na Faramir anamfunika binti wa watu kwa joho la buluu lenye nyota, lililoshonwa kwa ajili ya mama yake ambaye ameshafariki. Anayeijua Julai ya Machame, asubuhi ukungu haujatoka kwenye migomba, ajiulize angemfunika nani kwa kitenge cha marehemu mama yake.

Kuna upande mwingine ambao mashabiki wanausifu na mimi unanikwama kooni. Kwenye A Game of Thrones ya mwaka 1996, Khal Drogo, kiongozi wa wapiganaji wa farasi, na mkewe Daenerys wanaitana mwezi wa maisha yangu, jua na nyota zangu. Majina matamu. Lakini binti ana miaka 13, na kaka yake amemtoa ili apate jeshi. Majina yale yanakuja kutandikwa juu ya biashara ile kama kitambaa cha kufumwa juu ya meza iliyovunjika mguu. Kitabu hichohicho kinajua kufanya vizuri zaidi: Jon, kabla ya kwenda kaskazini, anampa Arya upanga mwembamba uliofuliwa kwa kimo chake. Kumbe alikuwa akimwangalia mdogo wake siku zote, akajua mkono wake unaweza kuinua nini.

Na tusijifanye mambo haya yametufikia kwa meli. Fumo Liyongo, shujaa wa hadithi za Waswahili wa pwani, yuko gerezani, walinzi wanakula kila chakula kizuri anacholetewa. Mama yake anaoka mkate wa wishwa, anaficha tupa ndani. Walinzi wanaudharau, wanauachia upite, na Liyongo anakata pingu huku ngoma ikipigwa nje. Sijui tungo la mahaba linaloushinda mkate huo. Halafu kuna lile la mwanawe, kwenye utendi aliouandika Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913: mtoto anakuja kumpeleleza baba ni silaha gani inaweza kumuua. Baba anashtuka kwamba kijana ametumwa. Na bado anamwambia, sindano ya shaba, kitovuni. Nimeisoma mara nyingi, na kila mara nataka kumziba mdomo.

Kuna kijana wa hapa mjini ananitumia kwa WhatsApp sura za riwaya anayoandika, falme mbili kwenye miteremko ya Kibo, zinapigania maji ya mfereji. Dunia aliyoijenga ni nzuri kuliko anavyojua. Tatizo shujaa wake anatamka "nakupenda, malkia wangu" kila akivuta pumzi, na malkia naye analia. Nimemwandikia ayafute yote, kisha amfanye shujaa amkosee kaka yake kosa zito, kosa la damu, aende kwake na jani la sale mkononi, lile Wachagga tunaloombea msamaha, asiseme neno. Msomaji wa Kibosho au Marangu atajua hapohapo kwamba kaka hana njia rahisi ya kulikataa, na msomaji wa Mtwara atalielewa kwa jinsi yule kaka atakavyolitazama.

Amejibu kwamba wasomaji wake wanataka busu. Basi aweke na busu, nimemwambia, ila lije baada ya jani.