Mtoto ale, ashibe, ashuke mezani

Jioni ya pili tangu meli yetu ya likizo itoke Southampton, Uingereza, tukiwa kwenye ukumbi wa chakula, binti yangu wa miaka miwili na nusu alikuwa chini ya meza, ameng'ang'ania kiatu cha babake, analia kile kilio cha mtoto aliyeshikwa na njaa na usingizi kwa pamoja. Kaka yake wa miaka mitano alikuwa ameshamaliza vipande vinne vya mkate na siagi, na kwa mara ya sita ananiuliza kama chakula kinakuja. Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi. Tulikaa saa kumi na mbili kamili. Mezani kulikuwa na maji, uma na visu vya kila namna, na supu yangu ambayo sikuwa nimeigusa.

Meza ya jirani walikaa mtu na mkewe, wazee wa Kiingereza, wamevaa wakapendeza. Kwenye kiti cha yule bibi palifungwa puto lililoandikwa 50. Miaka hamsini ya ndoa. Hawakutusema, hawakututolea macho. Bibi alikisogeza tu kiti chake taratibu, akampa mumewe sikio. Nikambeba binti yangu nikatoka naye, supu nikaiacha inapoa.

Kile kiti kilivyosogea kimenikaa moyoni tangu Julai. Kila ninapowasimulia watu safari ile ya fiodi za Norwei, zile ghuba nyembamba za bahari zilizoingia kati ya milima, ya usiku saba, nakutana na majibu mawili, na yote mawili nayakataa. Wa kwanza ananiambia, "Umelipa kama wao, kaa, mtoto ni mtoto." Wa pili anasema watoto wadogo hawana kazi kwenye ukumbi ule, wapelekwe bafe, kule watu wanakojipakulia wenyewe, wakale huko na wazazi wao, wiki nzima. Yule wa kwanza amesahau kwamba wale wazee nao wamelipa, na miaka hamsini ya ndoa haiji mara mbili. Yule wa pili anataka wanangu wasione jinsi watu wanavyokaa pamoja wakala na wakaongea. Ninachokiamini mimi ni hiki: mlo wa masaa mawili ni wa watu wazima, ila ndani yake mna nusu saa ambayo ni haki ya mtoto. Kazi ya mzazi ni kuipata hiyo nusu saa, na ikiisha amruhusu mtoto aondoke.

Kwanza tuelewe kwa nini mlo wenyewe ni mrefu, maana siku mbili za mwanzo nilikuwa nawalaumu wahudumu na haikuwa haki. Kwenye meli nyingi kubwa ukumbi mkuu una zamu mbili za chakula cha jioni, ya kwanza kwenye saa kumi na mbili na ya pili kwenye saa mbili au mbili na nusu usiku. Zamu ikianza, mamia ya watu wanakaa kwa mpigo. Jiko linatoa vianzio vya ukumbi mzima, halafu supu na saladi, halafu chakula chenyewe, halafu vitamu. Mhudumu anashika meza kadhaa. Anakwenda jikoni, anapanga sahani zilizofunikwa, moja juu ya nyingine, kwenye trei kubwa, anaitia begani na kurudi nayo. Mezani haondoi sahani mpaka wa mwisho awe ameweka uma chini. Mzee mmoja wa meza ya tatu akila polepole, trei nzima inamsubiri. Kwa hiyo ukimwambia saa moja kasoro robo, "Naomba chipsi za mtoto haraka," unamtaka aivunje safari yake ya jikoni na kuanza nyingine kwa ajili ya kisahani kimoja. Atakwenda, kwa sababu ni mstaarabu, lakini hatarudi kabla mtoto hajafika chini ya meza.

Aliyenifundisha hili ni mhudumu msaidizi wa meza yetu, kijana wa Mombasa. Sikujua kama ni wa kwetu mpaka jioni ya tatu. Mwanangu mkubwa alikuwa anapenda vitendawili wakati ule, na sisi tukaamua kuvitega mezani badala ya kumpa simu. Akasema, "Kitendawili!" Tukamjibu, "Tega!" Akatega: "Nyumba yangu haina mlango." Kabla sijafungua mdomo, nyuma yangu mtu anayemimina maji akasema, taratibu kabisa, "Yai." Mtoto aligeuka, macho yamemtoka. Baba watoto naye akategewa cha kuku aliyetagia miibani, akajifanya hajui, mtoto akadai mji. Akapewa Tanga, akaikataa. Alitaka Stavanger, mji wa bandari wa Norwei, kwa kuwa ndiko tulikoamkia siku ile. Yule kijana, jagi mkononi, akamwambia, "Chukua Mombasa, bwana mdogo, ina bahari na ina mahamri." Akaichukua.

Wakati anaondoa vikombe akaniinamia: "Dada, hawa wasingoje supu yenu. Niambie leo watakula nini kesho. Nitawaletea chakula chao pamoja na kianzio chenu." Basi. Maneno yenyewe ni hayo tu, na yamenifaa kuliko kurasa zote nilizosoma kabla ya safari. Kuanzia jioni ya nne, kabla ya kuinuka nilikuwa namwachia oda ya kesho yake: samaki, wali mtupu, matango yaliyokatwa. Kesho yake, dakika ishirini baada ya kukaa, watoto wana sahani zao mbele. Sisi tukianza saladi, wao wanamaliza. Aliniambia pia kwamba ana wa kwake wa miaka minne nyumbani, na mkataba wake ni wa miezi tisa. Mwanangu akawa anamwita mjomba, naye anaitika.

Ndiyo maana siungi mkono ushauri unaotolewa sana siku hizi, kwamba familia yenye watoto ichague ule utaratibu wa kula saa yoyote unayotaka. Unavutia ukiusikia. Lakini unaweza ukapanga foleni ya meza huku mtoto ana njaa, na kila jioni unaweza kukutana na mhudumu mpya, unaanza kujieleza upya. Zamu maalumu inakupa meza ileile na watu walewale wiki nzima, na kwa mwenye watoto wadogo kufahamika na mhudumu kuna thamani kuliko uhuru wa saa. Zamu ya pili, ya saa mbili na nusu, kwa mtoto wa chini ya miaka mitano siioni kabisa. Zaidi ya hapo kule kaskazini mwezi Julai saa nne usiku bado kweupe, mtoto amechoka ila jua linamdanganya.

Lakini yapo makampuni yaliyolifikiria jambo hili kwa dhati, nayo yanastahili kutajwa. Kwenye meli za Disney, zamu ya pili, watoto wa kuanzia miaka 3 huletewa chakula chao mapema, kisha walezi wa klabu ya watoto wanakuja ukumbini kuwachukua wakacheze, wazazi wakabaki na chakula chao. Royal Caribbean nao waliweka utaratibu unaofanana na huo kwenye zamu ya kwanza, mtoto anamalizwa ndani ya dakika kama arobaini. P&O ya Uingereza, kwenye meli zake za familia, ina chumba cha kulaza watoto wadogo usiku, wa kuanzia miezi sita hadi miaka minne, bila malipo ya ziada. Meli tuliyopanda sisi haikuwa na lolote kati ya haya kwa umri wa binti yangu. Klabu yake ya watoto ilianzia miaka mitatu, na mtoto awe ameshaacha nepi. Nilikata tiketi bila kuuliza. Muulize wakala wako kabla hujalipa: mtoto wangu ana miaka mingapi, na saa mbili usiku atakuwa wapi?

Sasa kuna hili la simu na tableti. Nilimpa binti yangu simu jioni ya kwanza, akakaa kimya dakika hamsini akiangalia katuni, huku namtia wali mdomoni kama namlisha mgonjwa. Hakujua amekula nini. Mhudumu alimsalimia mara mbili, hakuinua kichwa. Nilipoinyang'anya akapiga kelele zaidi ya zile ambazo angepiga bila simu. Sisemi haya kuwahukumu wenzangu, najua uchovu wa mama mwenye watoto wawili. Ila kama dawa ya mlo mrefu ni mtoto asiwepo pale kiakili, basi heri asiwepo kabisa, alale zake chumbani na mmoja wetu.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu, ananipinga kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Kwamba mtoto akizoeshwa kukaa masaa mawili akiwa na miaka mitatu, akifika saba atakuwa ametulia. Nami naamini samaki hukunjwa mbichi. Lakini anakunjwa kadiri ya urefu wake, ukizidisha anakatika. Kwetu Tanga, nyumba ikiwa na wageni, watoto walipakuliwa kwanza, sinia lao uani, wanazunguka wakala, wakanawa, wakatawanyika. Wakubwa wakala baadaye kwa nafasi. Hata futari, wadogo wasiofunga walishapewa uji na mihogo yao kabla ya adhana. Bibi yangu hakuwahi kumgojesha mtoto chakula, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekua bila adabu ya kula. Kunawa, bismillahi, kula cha mbele yako, kushukuru, yote hayo yanaingia ndani ya nusu saa na nafasi inabaki.

Jioni ya mavazi rasmi tulifuata njia ya bibi hasa. Saa kumi na moja kasoro robo tuliwapeleka bafe, wakala chakula kamili wamevaa fulana zao, wakamwagikiwa na sosi ya nyanya watakavyo. Tukawaosha. Saa kumi na mbili wakaingia ukumbini wameshiba, mwanangu na kanzu yake na kikoti, dada yake na gauni, kazi yao ni tunda na aiskrimu na kupigwa picha. Walikaa dakika ishirini na tano, wakasalimia meza mbili, babake akawatoa. Mtoto aliyeshiba ni mtu mwingine kabisa, ana mazungumzo.

Na hapo nataka kuwaambia akina baba kitu, kwa moyo mweupe. Zile jioni mbili za kwanza, kila nilipotoka na mtoto kwenye ngazi, nilikuta wenzangu. Mama mwenye mtoto begani, mama anayemsindikiza wa kwake chooni kwa mara ya tatu, mama anayezungukazunguka mbele ya lifti. Mababa niliwaona wawili tu. Likizo hii tumelipa wote. Sisi tulikuja kukubaliana kwa zamu: kianzio changu, mtoto akichoka anatoka na babake, chakula chenyewe chake, natoka mimi, vitamu, aliyekula vizuri zaidi ndiye anayekwenda kuwalaza. Ukiwa na mpango huo hakuna anayemtazama mwenzake kwa uchungu juu ya sahani iliyopoa.

Kuhusu menyu ya watoto, neno moja. Ni kuku wa kukaanga, chipsi, tambi za nyanya, piza, na kesho hivyohivyo. Mtoto wangu angeshukuru ayale wiki nzima, lakini ukimwomba mhudumu nusu ya chakula cha wakubwa, anakuletea. Mwanangu alikula samaki wa salmoni na wali siku tatu. Kwa nyama, sisi tuliuliza habari za halali tulipokata tiketi, tukaona tubaki na samaki na mboga, hatukupata shida. Mkate tu uwekwe mbali mpaka sahani ije, la sivyo tumbo limeshajaa na bado mtoto ana fujo. Na usiku ambao Bahari ya Kaskazini imechafuka, usiwapeleke ukumbini hata kidogo. Tulipata usiku mmoja hivyo, tukala biskuti za tangawizi na tofaa chumbani, tukalala mapema.

Jioni ya mwisho mwanangu alimaliza sahani yake, akafuta mdomo, akasema, "Nimeshiba, naomba kushuka." Nilitazama saa: dakika thelathini na mbili tangu tukae. Mjomba wake wa Mombasa akamvutia kiti, akampa mkono kama mtu mzima, naye akaenda zake na babake na dada yake kutazama bahari. Nikabaki na supu, ikiwa bado ya moto. Nikamwandika yule kijana kwa jina kwenye fomu ya maoni, mistari yote iliyokuwepo nikaijaza.

Mwakani, Mungu akipenda, tunakwenda tena, binti atakuwa ametimiza mitatu na nepi ameziacha. Barua kwa wakala nimeshaituma: zamu ya kwanza, meza ya watu wanne iliyo karibu na mlango, mbali na jukwaa, na kiti kimoja kirefu cha mtoto.