Nimonia baada ya kiharusi: ndiyo inayoua, au ni dalili tu kwamba kiharusi kilikuwa kikubwa?

Huku kwetu Nyanda za Juu mtu akipata stroku, afu siku ya tatu akaanza homa na kubanwa kifua, lawama zote zinaenda kwenye baridi. Mwezi wa sita na wa saba Mbeya, Njombe, Makete baridi ni kali kweli, kwa hiyo mgonjwa anaongezewa blanketi, madirisha yanafungwa, wengine wanaingiza jiko la mkaa chumbani (hilo jamani tuache kabisa, hewa yake inaua).

Lakini nimonia ya mgonjwa wa kiharusi mara nyingi inaanzia kooni. Misuli ya kumeza inalegea, uji au hata mate yanaenda kwenye mapafu, na kiharusi chenyewe kinashusha kinga ya mwili. Wapo ambao hata hawakohoi chakula kikipita njia mbaya. Ndugu wanafika wodini na chupa ya uji wa ulezi, mgonjwa kalala chali, "mama jitahidi upate nguvu", uji unachuruzika upande uliopooza, akiongea sauti imekuwa ya majimaji. Ukisikia hiyo sauti weka kijiko chini muite nesi.

Sasa ubishi uko hapa. Tafiti nyingi zimeona waliopata nimonia hufariki zaidi, hata miaka kadhaa baada ya kurudi nyumbani. Wengine wanasema nimonia ni alama tu, maana inawapata wazee, wenye moyo mbovu na wenye kiharusi kikubwa, ambao hata bila hiyo wasingeishi muda mrefu. Na wana hoja nzito: mwaka 2015 zilitoka tafiti mbili, ya Uholanzi yenye wagonjwa zaidi ya 2,500 na ya Uingereza yenye zaidi ya 1,200, wakapewa antibayotiki mapema kabla hawajaugua nimonia, na vifo havikupungua. Ila hata nimonia yenyewe haikupungua vya maana, kwa hiyo kwangu zinaonyesha dawa haizibi njia ya uji, hazionyeshi kwamba nimonia haina madhara.

Upande wa pili una Australia, 2011, ambako manesi walifuata utaratibu wa kudhibiti homa, sukari na kupima kumeza, wagonjwa wakatoka na ulemavu mdogo zaidi, na walipofuatiliwa baadae waliishi zaidi. Yalikuwa mambo matatu kwa pamoja, huwezi kusema ni kumeza peke yake.

Mimi naegemea huku: nimonia ni alama na ni muuaji pia, maana ukubwa wa kiharusi huwezi kuurudisha nyuma ila kijiko unaweza kukizuia. Na hoja ya "alama" naithamini kwa sababu moja, inamuondolea binti aliyemlisha mama yake lile neno la msibani kwamba uji wake ndio uliomuua.

Kwa hiyo kabla ya chochote mdomoni, hata kidonge cha presha, muulize nesi kama amepimwa kumeza. Akiruhusiwa kula, akalishwe amekaa, kidogo kidogo, na mdomo usafishwe kila siku. Akiwekewa mpira wa puani wa kulishia msione ndio basi tena, wengi kumeza kunarudi ndani ya wiki chache, ingawa mpira nao hauzuii mate. Na siku ya ruhusa anayekwenda kumhudumia kijijini aonyeshwe kulisha palepale wodini, kwa sababu nyumbani hakuna nesi wa kumuita.