Ziara za masomo ng'ambo: mzazi wa China analipia nini?

Mwaka 2017 orodha ya matumizi ya mama mmoja wa Guangzhou ilienea mno kwenye mitandao ya China. Mama huyo alikuwa akilipwa yuani 30,000 kwa mwezi, mshahara ambao Wachina wengi hawaufikii, lakini likizo moja tu ya kiangazi ya bintiye wa darasa la tano ilimgharimu yuani 35,000. Kati ya hizo, 20,000 zilikwenda kwenye ziara ya masomo ya siku kumi nchini Marekani. Mtoto wa darasa la tano!

Wazazi wanaolipa fedha hizi si wajinga, na hoja zao zina uzito. Wengi wao walizaa wakati wa sera ya mtoto mmoja, iliyofutwa mwaka 2016, kwa hiyo matumaini ya wazazi wawili na babu na bibi wanne yamemwangukia kijana mmoja. Mbele yake kuna gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, ambao mwaka 2024 uliandikisha watahiniwa zaidi ya milioni 13. Chuo cha nje ni mlango wa pili, na ni busara kumpeleka mtoto akauone kwanza kabla ya kujifunga na karo ya miaka minne. Wachina wenyewe wana usemi wa kale: soma vitabu elfu kumi, tembea li elfu kumi (li ni kipimo chao cha umbali, kama nusu kilomita).

Kijana naye ana hesabu zake. Kwa mwanafunzi wa sekondari anayeingia shuleni asubuhi na mapema na kutoka usiku baada ya kujisomea darasani, kinachomvutia ni kukaa na wenzake wiki mbili bila mama wala baba, ajichagulie chakula, apotee njia kidogo na aulize mwenyewe. Akirudi, mzazi anataka kujua Kiingereza kimepanda kiasi gani. Yeye ana hamu ya kusimulia habari za rafiki aliyelala naye chumba kimoja. Hapo mimi namuunga mkono kijana. Kiingereza hakipandi kwa siku kumi, ila kijana anaweza kugundua kwamba anajimudu.

Tatizo ni kwamba ratiba nyingi hazimpi hata nafasi hiyo. Basi linasimama Chuo Kikuu cha Harvard, karibu na Boston, watoto wanapanga foleni waguse kiatu cha sanamu ya John Harvard, wanapigwa picha, wanarudi garini. Mchana wanakula chakula cha Kichina, jioni wanapelekwa madukani. Siku nzima wamezungumza Kichina wao kwa wao. Mwongozo wa Wizara ya Elimu ya China wa mwaka 2014 unataka masomo yachukue angalau nusu ya muda wa safari. Ratiba ya namna hii haikaribii hata robo.

Na mzazi anayesita asiitwe bahili. Julai 2013, ndege ya Asiana, shirika la Korea Kusini, ilipoanguka San Francisco, waliokufa walikuwa wasichana watatu wa Kichina waliokuwa wakienda kambi ya kiangazi California.

Linaloniuma zaidi ni yule anayebaki. Nusu ya darasa ikirudi na picha za Boston, mtoto wa dereva au wa muuza mboga anajua thamani ya mshahara wa nyumbani kwao kabla hajajua mengine mengi. Hapo mzazi anaanza kukopa ili mwanawe asione aibu, na hiyo si elimu tena.

Kwa hiyo sipingi safari hizi, napinga zinavyouzwa. Mtoto wa darasa la tano anaweza kusubiri. Aliyefika miaka kumi na sita na anataka kwenda, aketi na wazazi wake waisome ratiba pamoja, nao waulize mambo matatu: atalala kwa familia ya wenyeji au hotelini, atakaa mji mmoja au ataburutwa katika miji mitano, na darasani kutakuwa na wanafunzi wa huko au ni Wachina watupu? Wakala anayeuza safari akibabaika kujibu, fedha zibaki benki.