Kibati Hakisemi Askari Alifia Kikosi Gani

Sisi tunaofuatilia Vita Kuu ya Pili ya Dunia tuna ugonjwa mmoja. Mifupa ikifukuliwa mashariki mwa Ujerumani, lazima ipewe divisheni, yaani kikosi kikubwa cha maelfu ya askari, tena ikiwezekana yenye jina kubwa. Naona tunalazimisha mambo.

Kitazame kibati cha utambulisho cha askari wa Kijerumani. Kina umbo la yai, ni cha zinki au aluminiamu, na katikati kimechongwa mstari wa matundu ili kivunjike kirahisi. Maandishi ya juu yanarudiwa chini: namba, kundi la damu, na kifupi kama "Inf. Ers. Btl. 9". Hapo ndipo wengi wanapopotelea. Hicho ni kikosi kilichomkabidhi kibati, mara nyingi batalioni ya makuruti. Aliyekivaa mwaka 1940 huenda alihamishwa weee, hadi akafia Halbe, kusini mwa Berlin, Aprili 1945, katikati ya watu asiowajua hata majina.

Maana kufikia hapo vikosi vilikuwa viraka vitupu. Wanafunzi wa vyuo vya maofisa, wanamaji wasio na meli, watu wa jeshi la anga waliogeuzwa askari wa miguu, na Volkssturm, yaani mgambo wa miaka 16 hadi 60, wengine sare yao ni kitambaa cha mkononi tu. Vikosi vya dharura viliitwa kwa jina la kamanda. Akibadilishwa, na jina linabadilika. Divisheni kama Ulrich von Hutten ziliundwa 1945 na hazikumaliza hata miezi miwili. Juu ya hayo, hifadhi ya nyaraka za jeshi pale Potsdam ikapigwa mabomu Aprili 14, 1945.

Kwa hiyo anza na mtu, kikosi kitafuata. Namba yake inalinganishwa na orodha za vibati ambazo vikosi vilikuwa vikituma kwenye ofisi ya taarifa za askari, na ambazo tangu 2019 ziko chini ya Bundesarchiv, yaani hifadhi ya taifa ya nyaraka ya Ujerumani.

Ndiyo maana wauza vibati wananikera. Askari akifa, nusu ya chini ilivunjwa ikapelekwa kuandikishwa, ya juu ikabaki na maiti. Kibati kizima kwenye mifupa kwa kawaida maana yake kifo kile hakikuandikwa popote. Sasa mtu anakichomoa usiku, anakiuza mtandaoni kama "kikosi adimu", na marehemu anaingia kaburini bila jina. Huo ni wizi wa makaburi, na mnunuzi ni mshiriki.