Jicho Moja Lilipokataa Kusoma

Mtembezaji wa bustani alisema mara tatu: tazameni, msiguse. Mimi, kwa kuwa mmea wa mnanaha naujua tangu utotoni, nikajitoa kwenye hiyo "msi-".

Tulishaupita mkwinini, ambao wanakemia Wafaransa Pelletier na Caventou walitenga kwinini kutoka gome lake mwaka 1820. Mnanaha ukafuata: maua meupe kama tarumbeta, tunda la miiba. Nikachuma jani, nikalifikicha, nikanusa. Linanuka vibaya, msijisumbue. Mara jasho likaniingia jichoni, nikalifuta kwa kidole kilekile.

Baadaye, ndani ya jumba la makumbusho ya tiba, mbele ya kabati la misumeno ya kukatia miguu, maandishi yakaanza kuogelea. Ya mbali naona, ya karibu siyaoni, na taa zinachoma. Mtembezaji akanitazama, akarudi nyuma hatua moja. Mboni ya kulia ilikuwa kama kifungo cha koti, ya kushoto kama kichwa cha pini.

"Inua mikono yote miwili. Tabasamu. Taja jina lako."

Alidhani nimepata kiharusi. Nikatabasamu kwa bidii mpaka mtoto mmoja akajificha nyuma ya kiunzi cha mifupa.

Daktari aliuliza swali moja tu: "Umeshika mmea gani?" Mnanaha una atropini na skopolamini. Zikiingia jichoni, huzuia asetilikolini, kemikali inayobeba ujumbe wa neva, isifanye kazi kwenye msuli unaobana mboni, na kwenye ule unaorekebisha lenzi ili usome kitu cha karibu. Si lazima ule kitu. Utomvu wa kidoleni unatosha, na jicho lisilofikichwa hubaki salama. Akaliosha, kisha akadondosha pilokapini ya asilimia 1. Mboni iliyopanuka kwa sababu neva yake imebanwa, tone hilo huisinyaza. Iliyozibwa na atropini hugoma. Yangu iligoma kabisa, naye akafurahi kuliko mgonjwa: basi ni mmea, si neva. Nikauliza pilokapini inatoka wapi. Kwenye majani ya jaborandi, akasema. Nikakumbuka kwamba huo nao niliupita palepale bustanini, nikiwa na haraka ya kwenda kunusa.

Nilivaa miwani ya jua siku kadhaa, hata chumbani. Herufi ziliporudi nikafungua picha niliyopiga ya kibao cha mnanaha, nikaikuza. Mstari wa mwisho, kwa herufi ndogo: "Ukiugusa, nawa mikono kabla ya kushika macho."