Mninga uwe shingo, paini iwe bodi

Mwambie seremala wa Mbeya mjini kwamba unataka kuchonga gitaa la besi, atakuonyesha mninga kabla hujamaliza sentensi. Mninga ni mti wa heshima, mti wa vitanda na milango ya mbele. Basi watu wananunua kipande kinene, wanakifanya bodi, yaani kiwiliwili cha gitaa, halafu shingo wanaitoa kwenye chochote kilichobaki karakana. Naona tumeliweka jambo hili kichwa chini miguu juu. Kwenye besi ya umeme, ubao wa thamani unatakiwa shingoni. Bodi inaweza kuwa paini ya shamba la miti la Sao Hill, hiyo hiyo tunayopigia kenchi za paa.

Pikapu (ile yenye sumaku na waya, siyo gari) inanasa mtikisiko wa uzi wa chuma. Ubao wenyewe hainasi. Kazi kubwa ya ubao ni tatu: uzito utakaokaa begani, ugumu wa kuzuia shingo isipinde, na kutulia pale hali ya hewa inapogeuka. Mbili kati ya hizo ni mzigo wa shingo. Nyuzi nne za kawaida kwenye skeli (urefu wa uzi unaotikisika) ya inchi 34, yaani milimita 864, zikipandishwa sauti zinavuta kwa pamoja karibu kilo 80, na hazipumziki hata besi ikiwa imelala kwenye begi. Bodi ya unene wa milimita 43 haiusikii mvuto huo. Shingo ya milimita 22 inausikia kila saa.

Anayeona paini ni aibu ajue kwamba gitaa la majaribio alilotengeneza Leo Fender, yule fundi maarufu wa magitaa wa Marekani, mwaka 1949 lilikuwa na bodi ya paini.

Tuje kwenye mizani. Bodi ya besi ikishakatwa inabaki na ujazo wa kama lita 5. Paini iliyokauka ina takriban kilo 450 hadi 500 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo bodi itakuwa kilo 2.3 hadi 2.5. Mninga wa kilo 600 unakupa kilo 3. Mkongo, wenye kilo 800 au zaidi, unakupa kilo 4 kabla hujafunga skrubu hata moja, na mpigaji wa kwaya anasimama ibada nzima. Usiamini namba za jumla, kila mti una uzito wake. Kata kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa 5, ambacho ni nusu lita kamili, ukipime kwenye mizani ya jikoni. Kikisoma gramu 230, ubao huo ni kilo 460 kwa mita ya ujazo.

Mafinga na Makambako paini imejaa, lakini kuchagua kunataka jicho. Iliyokua haraka ina pete pana na nyama laini, ukucha unaingia. Tafuta ubao wa gogo la chini la mti mkubwa, wenye pete zilizobanana, usio na macho (vifundo vya matawi), na usiopita kwenye kiini. Ubao wenye kiini utapinda tu, hata uukaushe vipi. Madoa ya bluu ni ukungu uliogusa rangi, nguvu ya ubao iko pale pale, na kama utapaka rangi nzito yatakusaidia kupunguziwa bei. Usinunue mbao zilizopigwa dawa, zile zenye rangi ya kijani. Dawa hiyo mara nyingi ina shaba, kromu na aseniki. Kwenye paa haina neno, lakini wewe utaipiga msasa na kuivuta puani.

Ubao mmoja wa mbili kwa sita, futi 12, unatoa vipande sita vya sentimita 55, na bodi moja inahitaji vitatu vilivyoungwa ubavu kwa ubavu. Maana yake ubao mmoja ni bodi mbili, au bodi moja na nafasi ya kukataa vipande vyenye macho. Udhaifu wa paini uko kwenye skrubu. Skrubu za daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi, zinalegea kwa sababu nyama ni laini, kwa hiyo chimbia kipande cha mkongo cha sentimita 10 kwa 4, unene wa sentimita 2, chini ya daraja, ukigandishe na epoksi, na skrubu ziingie humo. Skrubu za shingo hazina shida: zinapita kwenye bodi na kung'ata mninga.

Sasa shingo, ambapo sitaki mchezo. Sifa kuu ya mninga ni utulivu. Ukishakauka, unavimba na kusinyaa kidogo kuliko mbao nyingi tunazozifahamu. Lakini mninga una kasoro ambayo wanaousifu hawaitaji: si mgumu sana kupinda. Mlingoti (mkaratusi) unaushinda mbali kwa ugumu, ila mlingoti hauna adabu. Ubao wake unaanza kujikunja ukiwa bado kwenye msumeno. Dawa ni kuvioanisha. Pasua vipande viwili vya mninga vya milimita 30 na kimoja cha mlingoti mkavu cha milimita 15, urefu wa milimita 950, unene wa milimita 30, uvigandishe mlingoti ukiwa katikati. Ukitazama kwenye ncha, pete zisimame wima kuelekea uso wa shingo, zisilale. Kipande kimoja cha mninga kigeuze kichwa chini, ili kimoja kikitaka kupinda kulia, mwenzake avute kushoto.

Kabla ya kugandisha, pima ugumu. Chukua fito za vipimo sawasawa, ziegemeze ncha zote mbili kwa umbali wa sentimita 80, ning'iniza ndoo ya lita 10 za maji katikati, upime kila moja imeshuka milimita ngapi. Iliyoshuka kidogo ndiyo ya shingo. Mti ule ule, karakana ile ile, fito mbili zinaweza kutofautiana sana. Na ukipata fito zilizo laini zote, ongeza unene: ugumu unakua kwa unene uliozidishwa wenyewe mara tatu (unene kwa unene kwa unene), hivyo kutoka milimita 20 kwenda 22 unapata karibu theluthi moja ya ugumu zaidi.

Mninga mzuri kuliko wote hauko kwenye mbao mpya. Uko kwenye fremu za milango zilizong'olewa na miguu ya vitanda vya zamani, ambavyo vimekauka ndani ya nyumba kwa miaka mingi. Shingo haifiki hata mita moja, kwa hiyo mabaki yanatosha. Pitisha sumaku kwanza, msumari mmoja uliojificha unaua meno ya randa. Ukinunua mpya, dai risiti: mninga ni mti wa msitu wa asili, na mbao zake bila hati ya usafirishaji ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, zinaishia kwenye kizuizi cha barabarani. Ukiusaga msasa, funga barakoa. Vumbi lake linawasha pua, na wenye pumu linawabana.

Kosa linaloharibu besi nyingi za nyumbani ni ubao mbichi. Mbao zilizopangwa kando ya barabara Mafinga, kwenye ukungu na manyunyu, hazijakauka hata kama juu zinaonekana nyeupe. Unalenga unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Kanuni ya kuanikia hewani ni kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, ingawa paini huwahi. Panga mbao ndani ya banda, weka vijiti vya unene mmoja kati ya ubao na ubao, paka rangi kwenye ncha ili zisipasuke, na pima kipande kimoja kila wiki. Uzito ukikaa pale pale wiki nne mfululizo, umefika unakoweza kufika hapo. Mwenye oveni ya umeme apime kwa hakika: kipande kidogo kipimwe, kiokwe kwenye nyuzijoto 103 hadi uzito usishuke tena, tofauti igawanywe kwa uzito mkavu, izidishwe kwa 100.

Hata ubao mkavu usikate ukamaliza siku hiyo hiyo. Kata shingo ikiwa nene kwa milimita 4 zaidi, iache ndani wiki mbili, ndipo uinyooshe tena kwa randa. Itakuwa imejikunja kidogo. Afadhali ijikunje hapo kuliko ikiwa na freti, zile waya za chuma zinazogawa noti. Shingo iliyochongwa Machi, mvua ikinyesha Mbeya, itasinyaa Agosti, na ncha za freti zitaanza kukwaruza kiganja.

Kwa fingabodi, ubao wa juu ya shingo unaobonyezewa nyuzi, kila mtu anataka mpingo, na kwa ugumu ni miti michache inayoukaribia. Tatizo ni urefu. Besi inataka kipande kilichonyooka cha sentimita 70 kwa 7, na mpingo kwa kawaida ni mti uliopinda wenye nyufa ndani. Mkongo unatosha kabisa. Freti ya kwanza inakaa milimita 48.5 kutoka kwenye nati (kizuizi cha nyuzi upande wa kichwa), kwa sababu 864 inagawanywa kwa 17.817, kinachobaki kigawanye tena kwa namba hiyo hiyo, na freti ya 12 lazima ikuangukie kwenye 432. Msumeno wa chuma unakata mfereji mpana mno, freti zinacheza. Tafuta wa milimita 0.6, au fanya besi isiyo na freti.

Hesabu pia kina cha mfereji wa nondo ya shingo, ile trasirodi inayosaidia shingo kuhimili mvuto wa nyuzi. Fingabodi milimita 6, mfereji 10, mgongoni zinabaki 6 tu penye unene wa 22. Anayechonga mgongo kwa macho atatokea upande wa pili. Nunua nondo, daraja na vikaza nyuzi kabla ya kuchora, kwa maana vipimo vya dukani havifanani na vya mtandaoni.

Kuna jambo moja la kweli dhidi ya paini: bodi nyepesi na shingo nzito, kichwa cha besi kinaanguka sakafuni ukiachia mkono. Kinga yake iko kwenye mchoro. Pembe ya juu ya bodi, pale unapofungwa mkanda, ifike usawa wa freti ya 12. Chora besi nzima kwa ukubwa wake kwenye hadibodi, ikate, funga mifuko ya mchanga yenye uzito wa bodi, shingo na vikaza nyuzi kila mmoja mahali pake, kisha uivae kwa mkanda. Kichwa kikiinama, refusha pembe sentimita 2 na ujaribu tena kabla ya kugusa paini.